Miaka Ishirini na Tisa Rabai

Tukilisikia neno sadaka, wengi wetu hufikiri juu ya senti zinazotiwa kapuni siku ya Jumapili, au juu ya kuku na mahindi yanayoletwa kanisani wakati wa mavuno. Hizo ni sadaka kweli, wala hatuzidharau. Lakini ziko sadaka nyingine zisizoingia kapuni wala kupimwa kwa pishi. Mtu aweza kumtolea Mungu miaka yake, na afya yake, na jamaa zake, hata nuru ya macho yake. Tena aweza kufanya hivyo bila kuyaona matunda ya kazi yake, wala kusifiwa na wenziwe. Katika somo hili tutasoma habari za mtu wa namna hiyo, jina lake Johannes Rebmann, na za watu wachache wa Rabai waliokuwa pamoja naye.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, nchi ya Württemberg, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Alijifunza kazi ya Injili katika mji wa Basel huko Uswisi, kisha akaenda Uingereza, na chama cha misioni cha Kanisa la Kiingereza kikamtuma Afrika ya Mashariki. Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846, umri wake miaka ishirini na sita.

Mombasa alimkuta mwenziwe, Ludwig Krapf, aliyemtangulia kwa miaka miwili. Krapf alikuwa ameanza kazi yake pwani kwa mazishi. Mwezi wa Julai 1844 mkewe, Rosina, alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa kali, akafa; baada ya siku moja au mbili na mtoto akamfuata mamaye. Kaburi lao lilichimbwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na mahali pale panajulikana hata leo. Basi Rebmann aliposhuka chomboni hakuna aliyekuwa na haja ya kumweleza kwamba kazi hii ina gharama.

Mwezi wa Agosti wote wawili wakahamia Rabai. Rabai ni nchi ya vilima nyuma ya Mombasa, mwendo wa saa chache kutoka pwani, nao Warabai ni kabila moja katika makabila tisa ya Wamijikenda, ambao siku zile watu wa pwani waliwaita Wanyika. Wazee wa Rabai waliwapokea wageni vema, wakawapa mahali pa kujenga. Lakini siku ile ya kuhama haikuwa na fahari yoyote. Wote wawili walikuwa wanatetemeka kwa homa, na punda alikuwa mmoja tu. Basi wakapokezana: huyu alipanda kidogo na huyu akajikokota nyuma, kisha wakabadilishana, hata wakafika juu kilimani. Krapf aliandika baadaye kwamba labda hakuna misioni iliyopata kuanzishwa katika udhaifu kama ule.

Watu wengi wakitaja jina la Rebmann leo, hulitaja kwa sababu ya mlima. Basi na sisi tuiseme habari ya mlima, maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko mlima wenyewe.

Mwishoni mwa Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwenda nchi ya Wachaga. Kiongozi wake alikuwa Mswahili mmoja, Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara, na wapagazi wao hawakufika kumi. Tarehe 11 Mei, asubuhi, waliiona milima ya Uchagani mbele yao, na Rebmann akaona juu ya mlima mmoja kitu cheupe kama wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni nini kile. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu kile, akasema tu kwamba ni baridi. Rebmann aliyezaliwa katika nchi ya theluji akafahamu mara moja. Walipopumzika alifungua Biblia yake akasoma Zaburi ya 111, isemayo habari za matendo makuu ya Mungu. Mlima ule ndio Kilimanjaro, urefu wake mita 5,895, na kileleni pake pana barafu hata sasa, ingawa siku hizi imepungua sana.

Habari hizi zilipochapishwa Ulaya mwaka uliofuata, wako wenye elimu waliozicheka. Mmoja wao, William Desborough Cooley wa London, ambaye hakupata kukanyaga Afrika, aliandika kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta, na kwamba mmisionari yule ameona mambo ya kuwaziwa tu. Rebmann hakuwa na njia ya kumshinda mtu wa namna ile, maana yeye alikuwa na macho yake tu, na mwenziwe alikuwa na vitabu. Ubishi ule ukaendelea hata miaka ya 1861 na 1862, msafiri Carl Claus von der Decken alipoupanda mlima ule mpaka mbali, na theluji ikamwangukia yeye mwenyewe. Yaani Rebmann alikaa miaka kumi na zaidi akihesabiwa na wengine kuwa mwongo au mjinga. Twajua wote jinsi inavyouma kusema kweli na kutoamini­wa. Ikiwa ni kwa siku moja tu darasani, moyo huwaka. Yeye aliendelea na kazi yake.

Lakini jambo nililosema ni kubwa kuliko mlima lilitokea katika safari ya tatu. Mwezi wa Aprili 1849 Rebmann aliondoka tena na wapagazi thelathini, akitaka kupita Uchagani na kuendelea mbele mpaka Unyamwezi. Masika ilikuwa imekwisha kuanza, njia zilikuwa matope, na usiku walilala wakiwa wamelowa. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga alimpokea kwa maneno mazuri. Kisha zikaanza kuombwa zawadi, leo nguo hii, kesho shanga zile, mpaka mali yote iliyokuwa ya kununulia chakula cha njiani ikaisha. Safari ya Unyamwezi ikawa haiwezekani tena. Zaidi ya hayo mwili wake ulikuwa umedhoofika kwa homa na kuhara damu.

Hapo Rebmann akalia machozi mbele ya watu. Mangi akauliza sababu, akaambiwa kwamba mgeni analilia mali yake. Akajibu kwamba asilie, atapewa pembe za ndovu, apate kwenda kwao na kitu mkononi. Rebmann akamweleza kwamba halii kwa ajili ya mali, wala hataki pembe. Nguo na shanga zile zilitolewa na watu wema kule kwao ili Kitabu cha Mungu kiwafikie Wachaga na watu wa Unyamwezi, na sasa njia imefungwa. Hilo ndilo linalomliza. Sidhani Mangi aliyasadiki maneno hayo. Kila mgeni aliyepata kumwona alikuja kwa ajili ya pembe au watumwa, naye mfalme hupima wageni wapya kwa kipimo cha wale wa zamani. Rebmann akarudi Rabai mikono mitupu, naye mgonjwa.

Tazameni kwamba machozi si dalili ya kukosa imani. Wako wanaofundisha kuwa Mkristo amtumikiaye Mungu kwa uaminifu hana budi kuyapokea mateso akitabasamu. Kitabu cha Ayubu hakisemi hivyo, wala Bwana wetu katika bustani ya Gethsemane hakufanya hivyo.

Baada ya safari ile Rebmann hakwenda tena mbali, na miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya kupungukiwa. Mwaka 1849 walifika wenzao wawili, Erhardt na Wagner. Wagner akafa baada ya wiki chache. Mwaka 1851 akaja Pfefferle, naye akafa upesi. Mwaka 1853 Krapf, afya yake imevunjika, akarudi Ulaya. Mwaka 1855 Erhardt naye akaondoka. Hivyo katika wamisionari wote waliokuja, akabaki Rebmann pamoja na mkewe, Emma, aliyemwoa mwaka 1851. Mtoto wao alikufa angali mchanga. Halafu vita vya Wamasai vikaitisha nchi ya Rabai, ikawabidi kukimbilia Unguja kwa muda; amani ilipopatikana walirudi pale pale.

Je, watu wa Rabai waliipokea Injili? Walio wengi hawakuipokea, na ni haki tuzifahamu sababu zao. Wamijikenda walikuwa na kaya zao msituni, na wazee wao, na desturi zilizowaunganisha walio hai na waliokwisha kufa. Mtu akiacha ngoma za mazishi na karamu za wazee, hakuonekana kuwa amechagua dini tu; alionekana kuwa amewatupa jamaa zake. Atazikwa na nani? Atasaidiwa na nani shamba likikosa mvua? Kwa sababu hiyo, Mrabai aliyeamua kumfuata Kristo alitoa sadaka kubwa, pengine kubwa kuliko ya Mzungu aliyevuka bahari; maana yule Mzungu aliwaacha ndugu zake mbali, lakini huyu alikaa katikati yao wakimtazama kama mgeni.

Wa kwanza alikuwa Mringe, kiwete na maskini, mtu asiyehesabiwa kuwa kitu kijijini. Alisikiliza kwa furaha, akaongea na wageni siku nyingi, akabatizwa alipokuwa karibu na kufa. Mtu angeweza kusema: Mavuno gani haya, kiwete mmoja, naye amekwenda kaburini? Lakini Mringe alikuwa amekwisha kumwambia jirani yake habari alizozisikia. Jirani huyo ni Abe Gunja. Miaka mingi baadaye Abe Gunja alibatizwa pamoja na mwanawe, Nyondo, ambaye alipewa jina la Isaac. Basi tawi la kwanza la Kanisa la Rabai lilitoka katika maongezi ya kiwete na jirani yake, si katika hotuba ya mmisionari.

Na Rebmann alifanya kazi gani miaka hiyo yote? Aliandika maneno. Kazi hiyo haina kelele wala haina watazamaji. Alikusanya maneno ya Kiswahili, na ya lugha ya Wamijikenda, na ya lugha ya tatu ambayo hakuna aliyemtazamia kuijua. Mwaka 1853 alikutana na mtumwa mmoja jina lake Salimini, aliyetoka nchi za Ziwa Nyasa, akatekwa, akauzwa, akaletwa mpaka pwani. Rebmann alikuwa hajapata kuliona ziwa lile, wala hakuliona maisha yake yote. Lakini aliketi na Salimini siku kwa siku, akimwuliza: Hiki kwenu mwakiitaje? Na kile je? Salimini akajibu, na Rebmann akaandika, kisha akalinganisha, akafuta, akaandika tena. Mtu aliyeuzwa sokoni kama mbuzi akawa mwalimu, na yule msomi wa Basel akawa mwanafunzi wake. Lengo lake lilikuwa kwamba siku moja wahubiri wa Injili watakapofika Nyasa, wasianze kwa kunyoosha vidole kama mabubu.

Aliitafsiri pia Injili ya Luka kwa Kiswahili. Kazi hizi zilikwenda polepole sana, kwa kuwa Rebmann alikuwa mtu wa kutafuta neno lililo sawasawa na kutoridhika na lililo karibu tu. Wako waliomlaumu kwa hilo. Walisema amejifungia nyumbani pamoja na makaratasi yake, kwamba ingalifaa atembee vijijini na kuhubiri, na kwamba misioni iliyopata waumini wachache kwa miaka mingi namna ile ni fedha iliyomwagwa. Lawama hizo si za bure zote. Ni kweli kwamba Rebmann hakuwa mhubiri wa kuvuta makundi, na upweke ulimfanya apende mno kukaa peke yake. Mtumishi wa Mungu aweza kuwa mwaminifu na huku ana upungufu wake. Hatuna haja ya kumgeuza malaika ili tumheshimu.

Mwaka 1866 Emma akafa. Alikuwa amekaa Afrika miaka kumi na mitano, akifundisha na kuuguza na kushona, na jina lake halimo katika vitabu vingi. Baada ya hapo Rebmann alibaki bila mke wala mtoto.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Fikirini jambo hilo. Mtu ambaye kazi yake yote ni kuandika, naye hasomi tena mwandiko wake mwenyewe. Mtu aliyekejeliwa na wenye elimu kwa ajili ya kitu alichokiona kwa macho yake, sasa macho yenyewe yanaondoka. Kwanza alisogeza karatasi karibu na dirisha, halafu karibu na uso, mwisho haikusaidia tena. Angaliweza kurudi kwao. Hakuna ambaye angemlaumu, nao wakubwa wa chama chake walikuwa tayari kumpokea. Akakataa, akakaa, na Isaac Nyondo akawa macho yake. Nyondo alimwongoza mkono njiani. Palipotakiwa kuonwa jambo, Nyondo alilitazama akamwambia.

Mwaka 1873 alifika Rabai mgeni mkubwa, Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kwa Sultani wa Unguja juu ya kuikomesha biashara ya watumwa. Alimkuta mzee kipofu katikati ya kamusi zake, pamoja na Wakristo wachache ambao mtu angeweza kuwahesabu kwa vidole. Rebmann alikuwa na miaka hamsini na mitatu tu, lakini wote walimwona kuwa mzee. Ziara ile, pamoja na mkataba uliotiwa sahihi Unguja mwaka ule ule, iliwafanya watu wa Uingereza waikumbuke misioni ya Mombasa, wakaanza kupeleka watu na fedha. Mwaka 1875 pakaanzishwa mji wa watumwa waliowekwa huru, karibu na Mombasa, ukaitwa Frere Town.

Hapo ndipo Rebmann alipokubali kuondoka, maana sasa kazi imepata watu wa kuishika. Alikuwa amekaa miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo hakuiona Ulaya hata mara moja. Kipofu hawezi kusafiri peke yake mwendo ule, basi Isaac Nyondo aliacha nyumba yake akafuatana naye baharini hata Ulaya, akimshika mkono katika nchi ambazo yeye mwenyewe hakuzijua wala hakuielewa lugha yake. Habari za safari ya Rebmann kwenda Kilimanjaro zimeandikwa mara nyingi. Mimi naona safari hii ya Nyondo yastahili kusimuliwa kando yake. Mwongozaji sasa alikuwa Mrabai, na yule aliyekuja zamani kuwaonyesha wengine njia alikuwa akifuata nyuma, akiongozwa.

Rebmann alikwenda kukaa Korntal, mji ule ule alimokuwa anakaa Krapf, rafiki yake wa siku za punda mmoja. Wakakutana tena huko. Rebmann akafa huko tarehe 4 Oktoba 1876. Krapf akaishi miaka mitano zaidi, na katika miaka hiyo akazichukua karatasi za mwenziwe akazitengeneza zipigwe chapa.

Rabai haikubaki kama Frere alivyoiona. Mnamo mwaka 1885 William Jones, mtu aliyekuwa mtumwa utotoni akakombolewa, alitiwa mikono kuwa mhudumu wa Kanisa pamoja na Ishmael Semler, nao walikuwa Waafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika misioni ya Mombasa. Jones aliitumikia Rabai. Watumwa waliotoroka kwa mabwana zao walikuwa wakikimbilia vilimani pale kwa mamia, wakajenga vibanda wakalima. Mabwana wakaja kuwadai, pakawa na hatari ya kumwagika damu. Mwisho fedha zikatolewa kuwa fidia kwa mabwana wale, na tarehe 1 Januari 1889 watu wakakusanywa Rabai kupewa hati zao za uhuru. Hesabu ya wote waliokombolewa katika vituo vya misioni ilipita 1,400. Walisimama juu ya kilima kile kile ambacho wageni wawili wenye homa walikipanda kwa zamu.

Nacho kitabu cha maneno ya Nyasa kilipigwa chapa mwaka 1877, mwaka mmoja baada ya Rebmann kufa. Wakati huo wamisionari wa Scotland walikuwa wamekwisha kufika ziwani na kuanza kazi. Lugha iliyomo kitabuni husemwa hata leo na mamilioni ya watu katika Malawi na nchi za jirani. Wanaochunguza historia ya lugha hiyo hukifungua kitabu kile kwanza, na ndani yake husoma maneno ambayo Salimini, mtumwa, aliyatamka Rabai, na Rebmann akayaandika wakati macho yake yalipokuwa yangali yakiona.